Magome Yaliyokwanguliwa

Kazini walimwita Kinu, na jina hilo lilimganda kiasi kwamba hata mlinzi wa getini aliliandika kwenye daftari la kuingilia na hakuna aliyemsahihisha. Alikuwa msagaji. Katika taasisi ile ya utafiti wa mimea kulikuwa na watu wenye vyeti vya kujaza ukuta, lakini hakuna hata mmoja aliyeweza kuanza kazi yake kabla Kinu hajamaliza ya kwake. Magome, mizizi na majani yalifika yakiwa mabichi. Yeye aliyatandaza kwenye trei za chumba cha kukaushia, akayageuza asubuhi na jioni kama mtu anayemgeuza mgonjwa, na yalipokauka mpaka kuvunjika kwa kidole aliyatia kwenye mashine, akasaga, akachekecha, akafunga unga kwenye mfuko na kuandika namba. Kabla ya kuwasha mashine alifumba macho kidogo na kusema, "Ee Mungu, huu ni mti wako, na sisi ni watu wako." Ndipo akavaa barakoa. Miaka ishirini na miwili alifanya hivyo.

Yaliyoendelea nje ya mlango wake hakuyajua vizuri. Alijua kwamba ule unga ulilowekwa kwenye spiriti, ukachujwa, spiriti ikaachwa iruke, na kilichobaki kilikuwa kitu cheusi kinachonata kama lami. Tone dogo la lami hiyo lilitiwa kwenye vijisahani vyenye seli za kansa, ambazo zilifugwa ndani ya kabati la joto utadhani vifaranga. Baada ya siku tatu walihesabu zilizokufa. Mara nyingi hazikufa.

"Miti mingi haina habari na kansa, Kinu," Daktari alizoea kumwambia. "Inaishi maisha yake."

Daktari huyu, mkuu wa maabara, alikuwa mwanamke mwembamba mwenye haraka, daktari wa vitabu ambaye hajawahi kumchoma mtu sindano. Kinu alichoka kulieleza hilo kwa majirani waliotaka awaombee dawa ya mgongo.

Sasa, asubuhi moja, Daktari aliingia kwenye chumba cha kusagia bila barakoa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akapiga chafya tatu mfululizo, akacheka, akaushika mkono wa Kinu uliojaa vumbi.

"Ile mia nne kumi na mbili imefagia sahani nzima!"

"Imefagia nini, Daktari?"

"Seli! Zimekufa zote. Nimerudia mara mbili. Umesaga dhahabu, mzee."

Kinu aliikumbuka mia nne kumi na mbili. Mwenyewe alikuwa ameyabandua magome yake, kwenye mti mnene uliokuwa ukingoni mwa msitu wa hifadhi, akapigilia kibati chenye namba kwenye shina. Alijisikia mwepesi. Jioni hiyo hakwenda kwake. Alinyoosha moja kwa moja mpaka kwa dada yake.

Dada yake alikuwa mkubwa kwake kwa miaka saba na ndiye aliyemlea. Alishona sare za shule katika chumba cha mbele, cherehani ikiwa mkabala na dirisha, mikanda ya vitambaa vya bluu imejaa sakafuni. Mwezi uliopita alikuwa amepata uvimbe kwenye titi la kushoto. Hospitali ilimpima, ikamtajia jina la ugonjwa, kansa, bila kuzunguka, ikampa karatasi: atafanyiwa upasuaji, halafu atawekewa dripu kila baada ya wiki tatu. Karatasi hiyo aliikunja vizuri akaiweka kwenye droo ya cherehani, chini ya vifungo. Alikuwa amemwona shoga yake mmoja akiwekewa dripu hizo mpaka nywele zikaisha, kisha mwenyewe akaisha. Picha hiyo haikumtoka.

"Dada, leo tumeua kansa," Kinu alisema kabla hata ya kukaa.

Mguu wa dada ukasimama kwenye pedali. "Mmeua nini?"

"Kwenye sahani. Magome niliyoyasaga mimi, kwa mikono hii. Zimekufa zote, hakuna iliyobaki hata ya kusimulia."

Dada akacheka kile kicheko chake cha kutikisa mabega. "Angalia Mungu alivyo na mambo! Mimi nahangaika na karatasi za watu, kumbe dawa inasagwa na mdogo wangu, huyu huyu niliyekuwa namfuta kamasi. Basi nakusubiri wewe."

Kinu naye akacheka. Alidhani ni utani. Wakala, wakaomba pamoja kama walivyozoea, akaenda zake.

Wiki mbili baadaye mpwa wake, binti pekee wa dada, alimfuata kazini. Alisimama nje ya dirisha la chumba cha kusagia, mkoba begani, macho mekundu.

"Mjomba, ulimwambia nini mama?"

"Nimemwambia nini tena?"

"Leo ilikuwa siku ya upasuaji. Nimemkuta amekaa kwenye cherehani anatia pindo. Nikamuuliza, akanijibu, 'Dawa yangu iko kwa mjomba wako, inakauka.' Inakauka wapi, Mjomba?"

Kinu alizima mashine. Alijaribu kueleza habari ya vijisahani, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyoona kwamba hata yeye haelewi. Kama zimekufa zote, kwa nini isiwe dawa? Na kama ni dawa, kwa nini Daktari haimpi mtu? Alifunga mapema, akaenda kumsihi dada yake. Dada alimsikiliza mpaka mwisho akiwa na pini mdomoni, akazitoa moja moja.

"Nimekataa hospitali? Sijakataa. Nimesema nitaenda, hiyo yako ikishindwa. Haijashindwa. Imeshindwa?"

"Haijashindwa."

"Basi kaifanye kazi yako, mdogo wangu. Mimi naomba Mungu huku, wewe saga kule."

Hapo Kinu akachanganyikiwa kabisa. Alipaswa kusema, Dada, nenda kesho. Alilisema, lakini alilisema kama mtu anayetaka kukatazwa, maana moyoni alikuwa na sauti ndogo iliyouliza: je, kama Mungu ndiye aliyempeleka kwenye mti ule? Nani yeye hata auzibe mlango uliofunguliwa? Alisali juu ya jambo hilo siku tatu na hakupata jibu lolote.

Siku ya nne Daktari alimwambia unga wa kwanza umekwisha. Ulihitajika mfuko wa pili, kutoka kwenye mti uleule, ili wathibitishe. Kinu alifunga safari mpaka ukingoni mwa msitu, akaukuta mti na kibati chake, akaweka mkono kwenye shina na kusali kwa sauti. Gome la mti ule lilikuwa limeota ukurutu, yaani yale magamba ya kijivu na kijani yanayoshika kwenye miti ya zamani kama upele. Mara ya kwanza alikuwa na haraka, mvua ilikaribia, akabandua magome yalivyo. Safari hii alifikiri hivi: hiki kitakuja kuingia kwenye mwili wa dada yangu. Akabandua magome, akakaa chini, akatoa kisu, akakwangua kila kipande mpaka kikawa safi, chekundu kama tofali jipya. Alipofika kazini akayasugua kwa brashi na maji safi. Akakausha, akasaga. Unga ulikuwa mzuri kuliko wowote aliowahi kusaga, laini, wenye harufu ya mbao mpya. Aliandika namba kwa mwandiko wake bora.

Majibu yalichukua wiki. Siku yalipotoka Daktari hakuja kwenye chumba cha kusagia; alimwita kwake.

"Hazikufa," alisema. "Hata moja. Zimenenepa."

"Zimenenepa?"

"Zimekula lami yako zikaomba nyingine. Kaa, tuulizane. Mti ni uleule?"

"Uleule. Kibati kipo."

"Sehemu ileile?"

"Gome la shina, usawa wa kifua."

"Ulikausha kivulini? Siku ngapi? Spiriti yetu haikuharibika?" Daktari alikuwa na fomu mbele yake na aliuliza mstari mmoja mmoja: mti, tarehe, sehemu, uzito, ukaushaji. Kinu alijibu kweli tupu kila mstari. Wakarudia kupima. Hazikufa. Wakapima kwa seli nyingine. Hazikufa. Daktari akaanza kuzungumza peke yake kwenye korido. Wiki zikapita, na kila Kinu alipopita kwa dada yake aliulizwa swali moja tu: "Imeshindwa?" Naye akajibu, "Bado wanaangalia." Haukuwa uongo. Lakini alipofika nyumbani na kutaka kusali, maneno yalimkwama.

Mpwa wake aliacha kumwita Mjomba. Alimwambia "wewe".

Ufumbuzi, kama unaweza kuitwa hivyo, ulitoka kwa Mama Kabati. Huyu alikuwa mtunza mimea mikavu, mama mnene mwenye miwani ya kamba, na ofisi yake ilikuwa makabati ya bati tu kutoka sakafu hadi dari. Kila mmea ulioletwa taasisini, majani na kipande chake kimoja vilibanwa kwenye karatasi ngumu na kuhifadhiwa kwake, ili miaka mia baadaye mtu asije akabisha ulikuwa mti gani. Daktari alikuwa amemwomba ahakikishe kwamba mifuko miwili ni mti mmoja. Kinu alimkuta ameweka karatasi mbili mezani, pua yake ikikaribia kuzigusa.

"Mti ni mmoja," Mama Kabati alisema. "Majani yanasema hivyo. Ila kuna jambo linanikera. Njoo uone, wewe una macho. Huyu wa kwanza mbona ana koti na huyu wa pili yuko uchi?"

Kinu aliangalia. Upande wa kushoto kipande cha gome chenye ukurutu wa kijivu umejikunja kama karatasi iliyoungua. Upande wa kulia kipande chekundu, kisafi, cha kupendeza.

"Nilikwangua," alisema.

"Ulifanya nini?"

"Nilikwangua. Nikaosha. Lilikuwa chafu."

Mama Kabati alivua miwani. "Baba wee. Nani alikutuma?"

Hakuna aliyemtuma. Na hakuna aliyemuuliza, kwa sababu fomu haikuwa na mstari huo. Alitembea mpaka kwa Daktari na kumwambia, amesimama, mikono nyuma kama mwanafunzi. Daktari alishusha kalamu taratibu.

"Kwa hiyo muda wote huu," alisema, "hatujui tulikuwa tunapima nini."

"Kwa hiyo dawa ni ule ukurutu?"

"Labda. Au kuvu lililokuwa chini yake. Au gome linatoa kitu fulani likishambuliwa na ukurutu. Au ilikuwa msimu tu. Sijui, Kinu. Tunaanza upya."

"Miaka mingapi?"

"Unauliza lini mtu atameza? Huenda isifike kamwe. Nyingi hazifiki."

Ndipo Kinu alipomweleza habari ya dada yake, ambayo alikuwa hajamweleza. Alieleza yote, mpaka habari ya karatasi chini ya vifungo. Daktari alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Wiki ngapi?"

"Tisa."

"Mungu wangu. Sikiliza. Hata mfuko wa kwanza ungekuwa hapa umejaa, nisingempa hata ncha ya kijiko. Kwenye kisahani hata dawa ya kusafishia choo inaua kansa yote, tena haraka kuliko mti wako. Kazi ni kupata kinachoua ile na kumwacha mtu. Umenielewa?"

Kinu alitikisa kichwa kukubali, ingawa kilikuwa kikizunguka. Mbona hakumwambia hivyo siku ile ya chafya tatu? Mbona alisema dhahabu? Labda aliwahi kumwambia zamani, na yeye alisikia bila kusikia. Daktari alimwomba amtajie dawa zilizoandikwa kwenye karatasi ya dada. Kinu alikuwa amezinakili nyuma ya kadi ya kazi. Daktari akaweka kidole kwenye moja, yenye jina refu.

"Hii hapa. Hii ilianza kama magome. Mti wa nchi za baridi. Tangu walipoyabandua mara ya kwanza mpaka ikaruhusiwa kutumika hospitali ilipita kama miaka thelathini. Kamwambie aende. Leo."

Dada alikuwa akikata kitambaa alipoingia. Mpwa wake alikuwepo pia, ameegemea mlango wa ndani, na hakumsalimia. Kinu alibaki wima.

"Dada, imeshindwa."

Mkasi ukasimama. "Imeshindwaje?"

"Nilikwangua magome. Yalikuwa na ukurutu, nikayasafisha kwa ajili yako, nikayaosha. Ikawa haiui tena."

Mabega ya dada yakaanza kutikisika. "Yaani umenikwangulia dawa! Huyu! Tangu utotoni, ukimtuma kuosha sufuria anaosha mpaka mpini unang'oka." Alijifuta machozi kwa ncha ya kitambaa cha bluu, na Kinu hakujua yalikuwa ya kucheka au ya nini. "Basi si rahisi? Nenda kalete yenye ukurutu."

"Mama!" mpwa akasema.

"Nyamaza wewe. Naongea na mtu wa dawa."

"Mimi si mtu wa dawa, Dada. Sijui kama ni ukurutu. Hatujui ni nini."

"Wewe hujui. Daktari wenu anajua."

"Naye hajui. Ameniambia kwa mdomo wake, sijui."

Hilo ndilo lililomgusa dada. Aliketi. Kwa wiki tisa alikuwa amejenga nyumba nzima juu ya kwamba kuna mahali watu wanajua, na mahali penyewe ni pale anapofanya kazi mdogo wake. Alikunja kitambaa mara mbili, akakikunjua.

"Na hao wa dripu? Wao wanajua?"

"Hawajui kama itakuponya. Wanajua imewasaidia wangapi na imewashinda wangapi. Sisi hata hicho hatuna." "Halafu, Dada, mojawapo ya hizo dripu nayo ilikuwa magome."

"Unanidanganya ili niende."

"Sijawahi kukudanganya. Nilikuchelewesha, lakini sijakudanganya. Magome ya mti. Waliyabandua, wakayakausha, wakayasaga."

"Aliyasaga nani?"

"Simjui. Mtu kama mimi."

Dada alimkazia macho. "Alikwangua, au hakukwangua?"

Kinu alijibu, "Alichofanya chote walishakibishania miaka thelathini. Wamemaliza."

Dada alivuta droo, akasukuma vifungo pembeni, akatoa karatasi. Akampa binti yake bila kumtazama. "Kaniulizie kama siku yangu bado ipo."

Ile siku haikuwepo tena, ila walipewa nyingine. Daktari wa hospitali alimpima, akasema ugonjwa umeshaingia kwapani na pengine umeenda mbele zaidi. Wataanza na dripu kwanza, wakate baadaye. Kinu alimpeleka kila baada ya wiki tatu. Dada akawa anawatania manesi: "Haya, nileteeni magome yangu, na yasiwe yamekwanguliwa na mdogo wangu." Manesi hawakuelewa lakini walicheka. Nywele zilikwisha. Uvimbe ulipungua, wakakata, ukakaa kimya kwa muda, kisha ukarudi kwenye ini. Aliishi miezi kumi na minne tangu alipotoa karatasi kwenye droo. Alifariki asubuhi ya Jumanne, binti yake amemshika mkono mmoja na Kinu mwingine, katikati ya sala ambayo Kinu hakuweza kuimaliza.

Katika miezi hiyo Daktari alipima mifuko mitatu kutoka kwenye mti uleule. Gome lenye ukurutu liliua nusu ya seli. Gome lililokwanguliwa halikuua kitu. Ukurutu peke yake nao haukuua kitu. Kinu aliyasoma matokeo hayo ubaoni, akasoma tena, akamuuliza Daktari maana yake. Daktari alisema ni swali zuri sana.

Baada ya mazishi, watu walipokwisha kutawanyika, mpwa wake alikuja kuketi karibu naye kwenye chumba cha mbele, kando ya cherehani iliyofunikwa shuka.

"Mjomba," alisema, na Kinu akashtuka kusikia neno hilo. "Zile wiki tisa. Angekwenda siku ile ya kwanza, angepona?"

"Nimemuuliza yule daktari wa hospitali mara mbili. Amesema labda. Mara ya pili akasema hakuna anayeweza kujua."

"Mama aliniambia kitu. Alisema katika ugonjwa wote, zile wiki tisa ndizo pekee alizolala usingizi."

Kinu alisubiri aendelee, ajue kama anasamehewa au anahukumiwa. Badala yake mpwa alianza kuokota vifungo vilivyokuwa chini ya cherehani na kuvitia kwenye kopo, na Kinu akainama kumsaidia.

Jumatatu alirudi kazini. Gunia la magome lilikuwa likimsubiri, ya mti mwingine, yenye madoa ya kijani. Kisu kilikuwa kwenye msumari wake. Alikitoa, akakishika kidogo, akakirudisha. Kwenye fomu, chini ya mstari wa ukaushaji, kulikuwa na mstari mmoja alioukubali Daktari, ambao Kinu aliuongeza kwa kalamu yake mwenyewe kwenye kila nakala: *Yamekwanguliwa?* Akaandika: Hapana. Magome yalipokauka akayatia kwenye mashine na kufumba macho.

"Ee Mungu," alisema, "huu ni mti wako." Akangoja ile nusu nyingine ya sala ije. Haikuja upesi. Akavaa barakoa, akawasha.